Kompyuta ya steshenari inaganda kila asubuhi, fundi anataka kupiga Windows upya

Dada wa Steshenari, Morogoro

Habari zenu wakuu. Nina steshenari jirani na shule ya sekondari. Kompyuta ninayochapia ni ya mezani, Windows 10, RAM GB 4, diski ile ya kuzunguka. Tangu shule zifunguliwe, nikiiwasha asubuhi inafika vizuri kwenye picha ya mbele, halafu inaganda. Mausi inatembea, lakini nikifungua Word kimya. Wanafunzi wamejipanga mlangoni na kazi zao, wengine wanahamia duka la pili. Ikishapata moto inachapa kama kawaida mpaka jioni.

Fundi wa mtaani anasema dawa ni kupiga Windows upya. Humo ndani kuna mitihani ya walimu, barua na wasifu za watu. Hakuna njia nyingine kabla ya hiyo?

Msomaji wa Mwanza

Dada, weka SSD, ile diski isiyozunguka. Diski ya kuzunguka na Windows 10 haviendani.

Fundi Tanga

SSD ni ushauri mzuri, na hela ikipatikana weka. Ila usianzie hapo, na tafadhali usikubali Windows ipigwe kabla hujajua tatizo.

Umesema jambo kubwa: ikishapata moto inachapa vizuri. Basi wa kutafutwa ni programu zinazoamka pamoja na Windows. Nyingi hujiandikisha zenyewe siku unapoziweka, na hakuna anayekuuliza. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachorukaruka kutafuta data. Programu zote zikidai kusomwa kwa pamoja, Word yako inangoja nyuma yao.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Ikija ndogo, bonyeza More details chini. Nenda sehemu ya Startup. Utaona majina, aliyeitengeneza (Publisher) na uzito wake wakati wa kuwaka (Startup impact). Kisha bonyeza kulia juu ya vichwa vya safu, uweke tiki kwenye Command line, uone kila moja inatokea folda gani. Usizime kitu bado. Andika hapa unachokiona.

Dada wa Steshenari, Morogoro

Asante kaka. Zilizo wazi ni hizi: programu ya printa niliyokwisha kuiuza, programu ya mikutano ya video, kivinjari, antivairasi ya majaribio iliyoisha muda, sauti, Windows Security, na moja ya ajabu. Jina lake herufi tu zisizosomeka, Publisher hakuna, na kwenye Command line imeandikwa wscript.exe halafu faili la .vbs ndani ya AppData.

Fundi Tanga

Kitu kama hiyo ya mwisho ndicho kilichonifanya niulize Command line. Kukosa Publisher peke yake si kosa, programu nyingi halali hazina. Lakini wscript.exe (chombo cha Windows cha kuendesha mafaili ya amri) inayoendesha .vbs (faili la amri) iliyojificha kwenye folda ya AppData, kwenye kompyuta inayopokea flashi za kila mtu, kwa kawaida ni kile kirusi kinachoficha mafaili ya flashi na kuacha shotikati. Je, wateja wamekulalamikia hivyo?

Chomoa flashi zote. Bonyeza kulia juu ya hiyo, chagua Disable. Ya printa, ya mikutano na kivinjari nazo uzifanyie hivyo. Disable haifuti programu, ukiihitaji utaifungua mwenyewe. Sauti na Windows Security ziache. Antivairasi iliyoisha muda iondoe kabisa kupitia Settings, Apps, kisha Restart ili ulinzi wa Windows ushike nafasi yake.

Baada ya hapo isasishe Windows Security, ingia Virus & threat protection, Scan options, uchague Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima na kujiwasha ikiwa inakagua kabla Windows haijaamka, kwa hiyo ifanye jioni ukishafunga. Hifadhi kazi zilizo wazi kwanza.

Dada wa Steshenari, Morogoro

Kaka, imekikamata na kukiondoa. Leo nimewasha, nikafungua Word papo hapo, foleni ikasogea. Fundi nimemwambia asubiri. Na kweli, wateja walikuwa wanalalamika. Kuna mwalimu flashi yake ina shotikati tupu, na mitihani ya kidato cha pili imo humo. Imepotea?

Fundi Tanga

Mara nyingi haipotei, imefichwa tu. Usibonyeze shotikati hata moja, ndizo zinazokiamsha kirusi upya. Chomeka flashi, ingia This PC uone imepewa herufi gani, bonyeza kulia uikague kwa Defender. Kisha andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, ifungue, uandike hivi, ukibadili E kwa herufi ya flashi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, ngoja imalize. Folda zitarudi. Nakili mitihani kwenye kompyuta, kisha futa shotikati. Na umwambie mwalimu kompyuta ya nyumbani kwake au ya ofisini nayo ikaguliwe, la sivyo flashi itarudi kwako ikiwa vilevile.

Msomaji wa Mwanza

Fundi, hiyo Command line nimeiweka kwangu pia. Nimekuta mbili nisizozijua, naziandika hapa jioni.