Kompyuta mpya inakataa kufungua folda za diski ya mtandao ya nyumbani

MamaWawili_Moro

Habari zenu wakuu. Nyumbani tuna diski ya mtandao ya terabaiti 4 iliyounganishwa kwa waya kwenye ruta, na kwa miaka mitatu tumeweka humo picha za familia pamoja na hati za shamba la marehemu baba mkwe tulizozipiga skani. Tangu mwanzo folda zote ziliachwa wazi, yaani yeyote aliyemo kwenye waifai ya nyumbani alizifungua bila nywila. Kompyuta ya zamani yenye Windows 10 bado inazifungua vizuri. Mwezi huu mume wangu amenunua nyingine yenye Windows 11 Pro, toleo la 24H2, nayo inaiona diski lakini inakataa kuingia, ikieleza kwamba sera za usalama za taasisi yetu zinazuia wageni wasiothibitishwa. Sisi hatuna taasisi yoyote. Kompyuta ni yetu wenyewe. Fundi mmoja ametushauri tuwashe SMB1, kisha tubadilishe rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake ya ndani, ili wageni waruhusiwe. Naomba ushauri wenu kabla hatujagusa chochote.

Fundi_Nyaya

Dada, nakusihi msifanye hivyo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hakuna hata moja linalofaa kwa diski yenye hati za familia.

SMB ndiyo itifaki ambayo Windows huitumia kufungua faili zilizo kwenye mashine nyingine, na SMB1 ni toleo lake la zamani sana. Udhaifu wake ndio uliotumiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017 kuruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine na kufunga faili za watu ili walipe fidia. Kwa kuwa kompyuta yenu inaiona diski na hata kujibiwa nayo, tatizo lenu halitokani na SMB1, na kuiwasha hakutawasaidia.

Kinachowazuia ni ugeni. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 Pro haikubali kuingia kwenye folda kama mgeni, na tena inadai kila ujumbe unaopita kati yake na diski uwe na sahihi. Ufunguo wa sahihi hiyo hupatikana wakati mtumiaji anapothibitishwa kwa nywila yake. Mgeni hana nywila, kwa hiyo hana cha kutia sahihi. Neno "taasisi" lisiwatishe, kwani ujumbe huo hutokea hata kwenye kompyuta ya mtu binafsi.

Fungueni ukurasa wa usimamizi wa diski kwa kivinjari, mtengeneze akaunti ya kila mtu mzima na nywila yake, mwipe ruhusa ya kusoma na kuandika, kisha mzime ruhusa ya wageni. Katika mipangilio ya SMB, toleo la chini kabisa liwe SMB2. Windows itakapouliza jina na nywila, andikeni vile vya diski; PIN ya kufungulia kompyuta haitakubaliwa hapo.

MamaWawili_Moro

Asante sana, kaka. Kompyuta mpya imeingia. Sasa ile ya zamani ndiyo inayokataa: inasema mtumiaji mmoja hawezi kuunganishwa na seva ileile kwa majina mawili. Pia naweza kufungua hati za zamani, lakini nikizirekebisha siwezi kuzihifadhi.

Mtunza_Kumbukumbu

Kwa kosa la kwanza, ile kompyuta bado inashikilia muunganisho wake wa awali wa mgeni asiye na nywila, na Windows hairuhusu majina mawili kwa seva moja kwa wakati mmoja. Fungeni folda zote za diski, mfungue dirisha la amri na kuandika net use * /delete, kisha mwingie upya kwa jina la akaunti mpya.

La pili linahitaji uangalifu zaidi. Ruhusa ziko katika tabaka mbili: ya folda inayoshirikiwa na ya faili zenyewe ndani ya diski, na ile iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Faili zenu za zamani ziliandikwa na mgeni, hivyo yeye ndiye mmiliki wake mpaka leo, nanyi mmebaki wasomaji. Katika ukurasa wa usimamizi, chagueni folda hiyo, mwape watumiaji wenu ruhusa ya kuandika, na mwagize ruhusa hiyo ishuke hadi kwenye folda ndogo na faili zote zilizomo. Kabla ya hapo, nakilini hati za shamba kwenye diski ya nje na kuichomoa. Hata kama diski ya mtandao ina diski mbili zinazonakiliana, faili ikifutwa kwa bahati mbaya hufutika kote kuwili.

Fundi_Nyaya

Niongeze kwamba mwihifadhie diski anwani moja ya kudumu ndani ya ruta, la sivyo umeme ukikatika na kurudi inaweza kupewa anwani nyingine na kompyuta zikaikosa. Na msifungue kwenye ruta mlango wa 445, ambao SMB huutumia, kuelekea intaneti hata mkiambiwa ni kwa ajili ya kuzifikia faili mkiwa safarini.

MamaWawili_Moro

Tumenakili hati kwanza, halafu tukashusha ruhusa. Ilichukua kama dakika ishirini kwa sababu picha ni nyingi. Hati ya mipaka ya shamba nimeirekebisha na imehifadhika kutoka kompyuta zote mbili. Watoto nimewapa akaunti ya kusoma tu, katika folda ya picha peke yake.