Aliyewahi kupata homa ya ini B: amtolee nduguye uboho, au akae kando?

Mgonjwa wa saratani ya damu yuko Lamu, na nduguye analingana naye tishu. Karatasi ya maabara yaonyesha huyo ndugu aliwahi kuambukizwa. Mwasemaje?

Wa Langoni: Akae kando. Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa huvunjwa kinga yote kwa dawa kali. Kirusi kikiingia humo hakina wa kukizuia.

Wa Mkomani: Sheikh wangu, "kuambukizwa" kuna namna zake. HBsAg, yaani protini ya ganda la kirusi, ikionekana kwenye damu, kirusi kimo, hapo sibishani nawe. Anti-HBs, kingamwili dhidi ya ganda hilo, ikiwa peke yake ni chanjo tu. Huyo hana kosa, na huenda kinga yake ikamfaa mgonjwa. Shughuli iko kwa mwenye anti-HBc, kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, bila HBsAg. Amepona, ila vinasaba vya kirusi hujificha ndani ya chembe za ini miaka na miaka. Huyu apimwe DNA ya kirusi kwenye damu. Isipoonekana, kumwacha ni hasara: kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi ya 25% tu ya kulingana kikamilifu.

Binti Shela: Na msimpime aliyechanjwa juzi! HBsAg ya chanjo yenyewe yaweza kuonekana kwa wiki mbili tatu, mtu akaitwa mgonjwa bure. Kinyume chake pia kipo: HBsAg imeshatoweka, anti-HBs haijatokea, imebaki anti-HBc pekee. Anayepima HBsAg tu atampitisha.

Wa Langoni: Hiyo DNA mwaipima wapi? Damu ivuke bahari hadi Mokowe, bara, kisha safari ya barabara, na joto hili?

Wa Mkomani: Isafiri plazma, maji ya damu yasiyo na chembe, si damu nzima. Chupa ya kifuniko cha zambarau, izungushwe kwenye mashine hapa hapa, plazma itengwe ndani ya saa 24, iwekwe kwenye barafu. Halafu mgonjwa apewe dawa ya kukizuia kirusi, entekavia au tenofovia. Lamivudini ni rahisi, lakini kirusi huizoea. Panapoharibika hasa ni dawa kukatwa mapema kwa kuwa mtu ameanza kula vizuri. Miezi baadaye ini lawaka.

Wa Langoni: Kwa ndugu, basi, nitalegeza. Lakini sampuli isiwe ya mwaka jana. Marekani hudai ichukuliwe ndani ya siku 30 kabla ya kutoa uboho, na hapo sishuki.