Kampuni ikizaliwa chuoni, profesa aliyebuni mashine aiongoze au abaki karakana?

Mtoa mada (fundi, Kisumu)

Jamani, swali hili limenikaa rohoni tangu Januari. Chuo kimoja cha huku magharibi, jina naliacha, kilifungua kampuni ya pampu za sola kutokana na kazi ya maabara yake. Nilikuwa fundi pale miezi minane. Uongozi ulikuwa hivi: profesa aliyebuni pampu ndiye mkurugenzi mtendaji, mhadhiri mwenzake anashika fedha, na mwenyekiti wa bodi ni mkubwa mmoja wa utawala wa chuo. Wa kuuza? Hakuna. Wa kwenda shambani pampu ikigoma? Mimi, tena kwa nauli yangu mwenyewe.

Siku moja mkulima wa Ahero akanipigia: pampu inanguruma, maji hayapandi. Nikashuka huko. Tope la Mto Nyando lilikuwa limejaa kwenye vali ya chini, ile inayokaa majini, na raba yake imelika upande mmoja kama kisigino cha kandambili. Pale soko la Kibuye raba ile ni bei ya chai na mandazi. Lakini kuinunua kulitaka saini tatu, ya kwanza ya profesa, na profesa alikuwa anasahihisha mitihani. Siku 19 zikapita. Sukuma wiki ya watu ikakauka. Mwishowe nilikata kipande cha mpira wa tairi nikakifunga, na nasikia mpaka leo kimeshika.

Kwa hiyo mimi nasema aliyebuni asiwe mkurugenzi mtendaji. Awe mhandisi mkuu, aachiwe mashine yake. Kiti kile akalie mtu ambaye usiku hapati usingizi akiwaza mishahara ya mwisho wa mwezi. Mnasemaje?

Mhadhiri

Pole, ndugu yangu, lakini unamlaumu dereva kwa mashimo ya barabara. Saini tatu zimeletwa na utaratibu wa ununuzi wa taasisi ya umma. Mlete hapo mfanyabiashara hodari kutoka Nairobi uone kama hatasubiri siku zilezile 19. Na mnunuzi akiuliza kwa nini mota hii na si ile, atamjibu nini?

Martin Wood alikuwa mhandisi katika maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1959 yeye na mkewe Audrey walianzisha Oxford Instruments, kazi ikianzia kwenye banda la bustani ya nyumbani. Kampuni hiyo baadaye ikatengeneza sumaku za mashine za MRI, hizi za kupiga picha ndani ya mwili. Mbunifu aliongoza, na kampuni ikasimama.

Mtoa mada

Mwalimu, umejijibu. Rudia jina la pili: Audrey. Mmoja yuko na sumaku, mwenzake yuko na kazi za ofisi. Sisi tulikuwa na akina Martin watatu.

Mhasibu, Nakuru

Mnagombania kiti, hakuna aliyeuliza hisa. Tuseme chuo kimechukua nusu. Wabunifu watatu wanagawana nusu iliyobaki, kila mmoja karibu asilimia 17. Akija mwekezaji akatolewa hisa mpya za asilimia 20, kila mbunifu anashuka hadi 13 na kidogo. Sasa huyo mkurugenzi wa kutoka nje mtamvuta na nini? Mshahara mnono hamna, na hisa mshazimaliza.

Uingereza serikali iliagiza jambo hili lichunguzwe, na ripoti ya 2023 ikapendekeza chuo kichukue asilimia 10 hadi 25 kwa kampuni za tiba na sayansi ya viumbe, na 10 au chini ya hapo kwa kampuni kama za programu. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, nacho kilikuwa na hataza (haki ya uvumbuzi) ya PageRank, njia ya Google ya kupanga matokeo ya utafutaji, kikawapa Google leseni na kupokea hisa kama milioni 1.8. Kilipoziuza kilipata dola milioni 336. Na kwa wanaobishania kiti: Google ilimleta Eric Schmidt kutoka nje kuongoza mwaka 2001, na Larry Page, mmoja wa waanzilishi, akarudi kwenye kiti hicho 2011. Kumbe mtu anaweza kuondoka akajifunza, kisha akarudi.

Mwanafunzi wa uhandisi, Kakamega

Samahani wakubwa. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inasema uvumbuzi wa mwajiriwa akiwa kazini ni wa mwajiri, labda mkataba useme vingine. Profesa ni mwajiriwa. Mimi si mwajiriwa, nalipa karo! Fremu ya mradi wetu tuliichomelea sisi hadi usiku wa manane, na kwenye karatasi za kampuni tumeandikwa "wasaidizi". Kwenye hiyo timu yenu ya uongozi mwanafunzi anakaa wapi?

Mzee wa jua kali, Kisumu

Nyinyi ni watoto, hamkuiona Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaambia Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari. Mwaka 1990 likaonyeshwa uwanja wa Kasarani, Nairobi, na lilitembea kweli. Uhandisi ulikuwepo! Pesa za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana. Mwenye kampuni akiwa ofisi ya umma, hata mumpe kiti nani, huyo ni karani tu wa kupeleka mafaili. Kwa hilo namuunga mkono mwalimu.

Mtoa mada

Mzee, hapo umenisogeza. Basi akaunti ya kampuni itengwe na ya chuo, mkurugenzi anunue raba bila kuomba ruhusa kwa mtu. Lakini hata hiyo akaunti inataka mtu aliye ofisini saa za kazi, si mwenye madarasa manne na wanafunzi wa uzamili wanaomngoja mlangoni.

Mkulima, Ahero

Mimi ndiye mwenye hiyo sukuma. Pampu ina kibandiko chenye namba ya simu. Iligoma Jumamosi, nikapiga, ikaita weee. Jumatatu ndiyo nikaambiwa hii ni ofisi ya idara, mhusika yuko mkutanoni. Huyu fundi nilimpata kwa sababu aliniandikia namba yake kwa kalamu ubavuni mwa tangi. Mkurugenzi awe profesa, awe mchuuzi wa omena, mniwekee namba yake.