Wimbi la joto na radi, nasi tuko juu ya paa: hiyo asilimia 30 niichukulieje?

FundiKenchi:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na nauomba haraka kidogo kwa sababu kesho asubuhi natakiwa kumjibu mkandarasi.

Nasimamia vijana saba, kazi yetu ni kupaua. Jengo ni la ghorofa tatu, kenchi (fremu za paa) zimeshapanda zote, papi (mbao za kupigilia mabati) zimekamilika, mabati tumepiga kama theluthi. Ndiyo tumeingia katikati ya wimbi la joto. Utabiri wa kanda uliotoka leo unasema kwa siku tano mchana itakuwa nyuzi joto 37 hadi 39, usiku haitashuka chini ya 26, na kuanzia kesho kutwa kuna mvua za ngurumo za hapa na pale alasiri na jioni, uwezekano asilimia 30, pamoja na upepo mkali wa ghafla.

Mkandarasi anasema 30 maana yake kwa 70 tuko salama, kwa hiyo tupige kazi kutwa nzima tumalize. Mimi moyo unasita. Jana saa saba mchana kijana mmoja, ana siku mbili tu tangu aanze, alikuwa amekaa juu ya papi, akaulizwa nyundo iko wapi. Akawa anajibu mambo mengine kabisa. Nyundo alikuwa ameishika mkononi. Tulimfunga kamba tukamshusha, tukammwagia maji, baada ya muda akarudi sawa. Usiku sikulala.

Nataka kujua huo utabiri unasomwaje na mtu aliye juu ya paa, na ratiba niipangeje. Tukianza mapema tunakimbia joto, lakini mkandarasi anataka na jioni turudi, na jioni ndiyo kuna ngurumo.

Mpima_Mvua:
Pole kaka, na umefanya vema kuuliza kabla ya kupanda. Nimesoma vipimo vya hali ya hewa kwa miaka mingi, ngoja nianze na hiyo 30 maana inapotosha wengi.

Ni uwezekano kwamba sehemu moja yoyote ndani ya eneo la utabiri, na ninyi mkiwemo, itapata mvua katika muda uliotajwa. Haisemi mvua hiyo itakuwa kali kiasi gani. Wingu likiwapata, limewapata kwa ukali wake wote, hakuna anayepigwa na asilimia 30 ya radi. Halafu umesema ngurumo zinaanza kesho kutwa, yaani siku nne kati ya zile tano. Ukizichukua kila siku peke yake, nafasi ya kupita siku zote nne bila kuguswa ni kama 24 kwa 100. Mpelekee mkandarasi hesabu hiyo: 0.7 mara 0.7 mara 0.7 mara 0.7.

La pili, joto na ngurumo msivione kama mambo mawili yanayopishana. Wakati wa wimbi la joto, mgandamizo mkubwa wa hewa unakaa juu ya kanda. Hewa inashuka, inabanwa, inazidi kupata moto, na inafanya kazi ya mfuniko. Chini yake ardhi inachemsha hewa yenye unyevu kutwa nzima. Katikati ya wimbi mfuniko unashika, ndiyo maana kuna sehemu zinabaki kavu kabisa. Pembezoni mwake unalegea. Ukiachia, na mara nyingi ni alasiri, wingu linaweza kupanda kilomita 12 au zaidi katika muda usiofika saa moja. Kwa hiyo anga jeupe la saa tatu asubuhi halikuahidi chochote kuhusu saa kumi.

Utabiri wa kanda unakupa siku na kipande cha siku. Paa lipi litapigwa, hauwezi kusema. Hapo ni macho yako. Tazama wingu linalofura kwenda juu, kingo zake zikiwa kali kama zimekatwa kwa kisu. Kichwa chake kikianza kutandaa pembeni kama fuawe la mhunzi, limeshakomaa. Na radi haingoji mvua ifike, inaweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka pale inaponyesha, huku ninyi mkiwa kwenye jua.

Msitegemee pia kwamba dhoruba ikipita joto limekwisha. Tarehe 29 Juni 2012 huko Marekani, katikati ya joto kali, mstari wa ngurumo ulitoka majimbo ya katikati ukafika pwani ya Atlantiki usiku uleule. Mamilioni ya watu walikosa umeme, joto likaendelea, na wapo waliokufa kwa joto siku zilizofuata, dhoruba ikiwa imeshapita.

Zege_Kavu:
Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Kazi zetu za nje ukisikiliza kila utabiri hutamaliza jengo hata moja. Mkandarasi naye ana mkataba na tarehe yake. Wape vijana viatu vya mpira, maji yawepo juu, mtu wa kuangalia mawingu awepo, kazi iendelee. Nimepaua miaka 14 na sijapoteza mtu.

Dada_Wodini:
Kaka Zege, nakuheshimu, ila viatu vya mpira havizuii radi. Radi imepita kilomita kadhaa za hewa, na hewa yenyewe haipitishi umeme kirahisi. Soli ya sentimita mbili itaisimamishaje?

FundiKenchi, mimi ni muuguzi. Kilichonishtua ni ile nyundo. Mtu akiwa kwenye joto akaanza kuchanganyikiwa, akajibu visivyo, akaongea kwa kukokota ulimi au akapoteza fahamu, huo si uchovu tena. Ni dalili ya kiharusi cha joto, na ni dharura. Mkiona hivyo piga simu ya huduma ya dharura, na mkingoja mpozeni palepale: kivulini, nguo nzito zitoke, maji ya baridi mwili mzima, mpepeeni, barafu ikiwepo iwekwe shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu. Msimlazimishe kunywa akiwa amechanganyikiwa, atapaliwa. Na msidanganywe na jasho, anaweza kuwa bado anatoka jasho na hali ni mbaya. Huyo kijana, hata kama leo anacheka, apelekwe akapimwe kabla hajagusa ngazi.

Ulisema ana siku mbili kazini. Vifo vingi vya joto kazini huwapata watu katika siku zao za kwanza, kwa sababu mwili bado haujazoea. Mgeni aanze na asilimia 20 hivi ya muda wa kawaida kwenye joto, kisha uongeze si zaidi ya 20 kila siku. Maji: kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, hata kama hana kiu. Na kumbuka zile 37 hadi 39 za utabiri zinapimwa kivulini, kwenye hewa. Juu ya bati, kwenye jua, mwili unabeba zaidi ya hapo.

Ila kuna kitu kwenye utabiri wako ambacho hukukiulizia, nacho ndicho kinachonipa wasiwasi zaidi: usiku nyuzi 26. Mwili unahitaji usiku upoe. Vijana wanalala wapi?

FundiKenchi:
Wanne wanalala saiti, dada. Stoo ya mabati, ina mlango mmoja na dirisha dogo. Huyo kijana ni mmoja wao.

Dada_Wodini:
Basi ndani ya hiyo stoo si 26, ni zaidi. Anaamka asubuhi akiwa hajapoa, halafu anapanda paani. Anza na hilo kabla ya ratiba.

Nyundo_Mbili:
Wakubwa wameshasema. Mimi naongeza ya saiti.

Chukua saa, upime: inachukua dakika ngapi kuwashusha watu saba kutoka juu hadi mahali salama? Usikisie, pima kweli, kila mtu akiwa na mkanda na zana zake. Ngurumo ikitembea kilomita 40 hadi 60 kwa saa, kilomita 10 inazimaliza kwa dakika 10 hadi 15. Mkiwa mnahitaji dakika 12 kushuka, mmeshachelewa kabla hamjaanza.

Sauti ni kilomita moja kwa kila sekunde tatu baada ya kuona mwanga. Ukihesabu 30, iko kilomita 10. Lakini hesabu hiyo isiwe ya kubishania, ukisikia ngurumo tu, uko ndani ya eneo lake, mnashuka. Mnarudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena mnaanza kuhesabu upya. Pa kukimbilia ni ndani ya jengo lililokamilika au gari la bodi ya chuma lenye paa, vioo vimefungwa. Chini ya jukwaa la chuma hapana, chini ya mti hapana, turubai hapana.

Na mabati kaka! Upepo wa ngurumo unatangulia mvua, na unaweza kuzidi kilomita 100 kwa saa. Bati lililoegeshwa juu bila msumari ni panga linaloruka. Kuanzia kesho kutwa pandisheni mabati ya kupiga saa hiyo tu, yaliyobaki yalale chini yamefungwa.

Neno la mwisho la kushuka liwe la mtu mmoja, awe wewe, na mkandarasi akubali hilo mbele ya vijana wote. Nimeona watu wanaangaliana juu ya paa, kila mmoja anangoja mwenzake awe wa kwanza kuogopa.

Zege_Kavu:
Nimesoma vizuri. La viatu nimelipokea, dada, nilifundishwa hivyo na nimekuwa nikiwafundisha wengine hivyo. Na hesabu ya siku nne sikuwahi kuifikiria.

FundiKenchi:
Wakuu, narudisha majibu, leo ni siku ya nne tangu niandike.

Mkandarasi nilimwandikia ile 0.7 mara nne kwenye kipande cha mbao na penseli. Aliitazama muda, akauliza ya kushuka inachukua dakika ngapi. Tukapima pamoja: 11. Tukaongeza ngazi ya pili upande wa nyuma, ikawa 5. Ratiba sasa ni saa kumi na moja alfajiri hadi saa tano, kisha saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni kama anga linaruhusu.

Jana jioni tulipanda. Saa kumi na nusu nikaona mwanga upande wa magharibi, nikahesabu, nikafika 26 ndipo ikanguruma. Nikaita. Wote chini, ndani ya ghorofa ya kwanza ambayo imekamilika. Upepo ulifika kabla ya tone hata moja, ukaingia chini ya mabati tuliyokuwa hatujamaliza misumari ya pembeni, ukainua kona ya bati moja ikawa inapiga kama mtu anabisha mlango kwa nguvu. Yale yaliyobaki chini yalikuwa yamefungwa, hayakusogea. Mvua ikanyesha kidogo, jua likarudi, vijana wakataka kupanda. Nikakataa. Dakika ya 19 ikapiga tena, tukahesabu mbili tu. Hakuna aliyeuliza tena kuhusu kupanda.

Wale wanne wamehamia ghorofa ya chini, madirisha bado hayajawekwa kwa hiyo upepo unapita. Kijana alipimwa, akapumzishwa, kesho anaanza na kazi ya muda wa saa moja na nusu tu, chini, kwenye kukata mbao kivulini. Kuhusu paa nitamwangalia kwanza.