Mrejesho: kuachwa na ndege ya bei nafuu kwa sababu ya foleni

Wakuu, asanteni sana. Kwa waliopitwa: niliuliza kama kuna cha kudai baada ya ndege kuniacha nikiwa nimekwama kwenye foleni ya ukaguzi wa usalama, pasi ya kupandia mkononi.

Nauli yenyewe imeliwa. Shirika linasema foleni ni ya uwanja, uwanja unasema abiria apange muda wake. Aliyeshauri nidai kodi na ada za uwanja zilizomo kwenye bei ya tiketi pekee ndiye aliyenifaa zaidi. Nilijaza fomu ya madai ya shirika, wakanirudishia hizo pesa, ila walikata ada ya kushughulikia iliyomeza karibu nusu (ujasiri wanao!). Huduma ya gumzo sahauni, ni roboti linalozunguka palepale.

Bima ya safari imelipa sehemu ya tiketi mpya. Walitaka ushahidi wa muda. Picha ya foleni yenye saa na risiti ya maegesho vilitosha. Ila someni masharti, si kila bima ina kipengele cha kuachwa na ndege.

Na yule aliyeuliza kuhusu tiketi ya kurudi: haikufutwa, kwa kuwa niliikata kivyake.