Naomba ushauri: baba amekatwa mguu chini ya goti, sasa goti limeanza kukaza

Habari zenu ndugu zangu. Baba yangu ana miaka 63, alikatwa mguu wa kulia chini ya goti kwa sababu ya kidonda cha kisukari. Mshono umekauka vizuri, namshukuru Mungu.

Kinachoninyima usingizi ni goti. Halinyooki. Mzee anashinda kwenye kiti, na usiku anadai mto chini ya goti kwa kuwa maumivu yanapungua. Mtaalamu wa mazoezi alishaukataza huo mto: goti likizoea kukunjika, kutembea na mguu wa bandia kutakuwa kazi ngumu. Alituonyesha kufunga kigutu kwa bandeji ya kuvutika, unabana zaidi mwishoni na kulegeza kadiri unavyopanda. Hiyo mzee anaikubali. Kulala kifudifudi ili goti linyooke ndiko anakogoma, anasema anakosa pumzi. Na kuna nyakati anaomba tumkune vidole ambavyo havipo tena, vinamwaka moto. Hatumbishii, maumivu hayo ni ya kweli.

Waliouguza mtu wa hivi, mlimnyoosha goti vipi bila kumlaza kifudifudi? Na mliotengenezewa mguu wa bandia hospitali ya KCMC Moshi au CCBRT Dar es Salaam, gharama ilikuwaje, na mlikaa huko muda gani kwa vipimo na mazoezi ya kutembea? Sisi tuko Singida, lazima tujipange nauli na malazi. Pia naogopea mguu uliobaki, maana ndio unaobeba uzito wote akiwa kwenye magongo. Mliulindaje?