Kijito nje ya Muheza: haidrografu ya kizio inanipa mafuriko ya kutisha

Mchora_Kalavati
Hodi wakuu. Nina kijito upande wa Muheza, kinapita chini ya barabara ya vumbi kwenye mashamba ya mkonge. Dakio lake (eneo linalokimwagia maji) ni km² 12, na muda wa maji kutoka mwisho wa dakio hadi kwenye kalavati nimekadiria saa 2. Hakuna aliyewahi kupima mtiririko pale, kwa hiyo nilitumia haidrografu ya kizio (mchoro wa mtiririko unavyopanda na kushuka kwa kila mm 1 inayomwagwa kwa robo saa), ile ya pembetatu ya SCS, idara ya udongo ya Marekani: muda wa kilele saa 1.33, kilele m³ 1.88 kwa sekunde kwa kila mm 1, msingi (muda wote wa mafuriko) saa 3.54. Nikazidisha kwa mvua ya mm 80, ikatoka m³ 150 kwa sekunde! Hilo si kalavati tena, ni daraja. Nimekosea wapi?

Mzee_wa_Masika
Pembetatu yako ni nzima. Nusu ya 1.88 mara saa 3.54 (zikiwa sekunde) ni karibu m³ 12,000, na mm 1 juu ya km² 12 ni m³ 12,000 hizo hizo. Wengi hawahakiki hilo.

Kosa ni mvua. Mhandisi Sherman alipoileta njia hii mwaka 1932, "kizio" kilikuwa cha maji yanayotiririka baada ya ardhi kunywa chake, si cha mvua yote iliyodondoka. Ukichukua CN 75 (namba ya hadi 100: ikiwa kubwa, ardhi inakunywa kidogo), mm 80 zinabaki kama 27 tu. La pili: umezimwaga zote kwa mpigo mmoja wa robo saa. Zikate vipande vya robo saa, kila kipande kipe haidrografu yake, uzisogeze moja baada ya nyingine, kisha ujumlishe.

Mchora_Kalavati
Shikamoo mzee, na ahsante. Nimegawa 27 sawasawa kwa saa 2, nimepata m³ 36 kwa sekunde. Hapo napumua.

Mzee_wa_Masika
Marahaba. Usipumue bado. Mvua yako ni ya mwezi gani?

Mchora_Kalavati
Aprili.

Mzee_wa_Masika
Basi ardhi imeshaloa tangu Machi. CN 75 ya ardhi iliyoshiba inapanda hadi 87 au 88, na mm 80 zile zile zinatoa karibu 50.

Mchora_Kalavati
Duh. Nimerudia: m³ 67. Yaani mvua haijabadilika hata tone, maji karibu mara mbili!

Binti_wa_Pongwe
Naongeza dogo. CN hizo zilitokana na mashamba ya Marekani, na mvua ya huku hainyeshi sawasawa kwa saa 2. Mwanzo inanywewa, halafu inakuja kwa kishindo. Kwa hiyo hata 67 inaweza kuwa ndogo. Kabla hujachora, nenda ukawaulize wenyeji maji yalifika wapi. Mie mlinzi wa shamba aliwahi kunionyesha alama ya tope kwenye mwembe, ikanivurugia hesabu ya wiki mbili.

Mchora_Kalavati
Mwembe upo kweli, hatua ishirini hivi kutoka kwenye kalavati. Jumamosi naenda na futi kamba na levo, nipime mkato wa kijito na mteremko, nikokotoe mtiririko wa siku ile ya tope. Nitarudi na namba.

Mzee_wa_Masika
Chukua na buti. Mwezi huu pale hapakanyagiki.